Mkubwa Ndiye Aanze

Kiuu ni wadi ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, upande wa Githurai 45, kando ya barabara kuu ya Thika. Kazi nyingi hapa ni za watu wachache: karakana ya kuchomelea mageti, saluni, duka la mitumba. Mwenye biashara ndiye anayeajiri, anayelipa na anayehukumu. Pengine yeye na fundi wake ni washirika wa kanisa moja. Wakikosana Ijumaa juu ya malipo, Jumapili wanaimba pamoja.

Katika hali hiyo, fundi anayelalamika huambiwa upesi, "Ndugu, samehe." Mdosi haambiwi kitu. Huo si unyenyekevu, ni kunyamazishwa.

Wakristo wa Kiambu wana mfano bora katika historia yao. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Uganda na Rwanda, baada ya daktari Mwingereza Joe Church kukutana na Simeoni Nsibambi kule Namirembe mwaka 1929, ulifika Kenya mwaka 1937. Obadiah Kariuki, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Ndugu wa uamsho huo walisisitiza "kutembea nuruni": kosa litajwe waziwazi, na kilichochukuliwa kirudishwe. Wako wamishonari waliowaomba Waafrika msamaha kwa majivuno yao, jambo gumu kulifikiria katika koloni la wakati ule. Mkubwa alishuka kwanza.

Ndivyo pia Mathayo 5 inavyoelekeza: anayekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake aache sadaka, akapatane naye kwanza. Kwa hiyo mdosi mwenye deni la mshahara asianze na fungu la kumi. Amwite fundi wakati wateja hawapo, amwambie, "Nilikukosea, deni ni kiasi hiki, nitalipa tarehe hii," kisha alipe.

Naye fundi ana wajibu wake. Mathayo 18 inamtaka aliyekosewa aende kwanza wakiwa wawili tu, si kumsengenya mdosi kwenye kibanda cha chai. Wasiposikizana, waite shahidi mmoja au wawili. (Mchungaji anayetegemea sadaka ya mdosi si shahidi mzuri.) Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, haiko mbali na hapo: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi mwenzake akiwepo, na amsikilize.

Yote yakishindikana, kuna afisa wa leba na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Atatokea wa kumtajia fundi 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu wasishtakiane. Asome mbele kidogo: sura hiyohiyo inawakemea wanaowadhulumu ndugu zao. Aliyefutwa kazi isivyo haki ana miaka 3 ya kufungua kesi; asiiache ipite akingoja kuombwa radhi.