Sarajevo, Mji Unaohesabu Saa kwa Maghribi

Jua linapozama mjini Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, saa iliyo juu ya mnara ulio jirani na msikiti wa Gazi Husrev-beg huonyesha kumi na mbili kamili. Mgeni atokaye Paris au Berlin huitazama saa yake ya mkononi, kisha ile ya mnarani, akadhani kuwa mitambo imeharibika. Mswahili hashangai. Kwake pia mchana hufungwa kwa saa kumi na mbili za jioni, na baada ya Maghribi usiku huanza kuhesabiwa: saa moja, saa mbili. Tofauti ni kwamba kwetu, karibu na Ikweta, jua halibadilishi sana wakati wake, ilhali huko machweo ya Desemba na ya Juni hupishana kwa saa kadhaa. Kwa hiyo yupo mtunza wakati ambaye kazi yake ni kuirekebisha saa hiyo mara kwa mara ili isiachane na jua.

Ndugu msomaji, anayetaka kuujua mji huu kama wenyeji wanavyoujua na aanzie hapo chini ya mnara, na aiache siku yake ipangwe na nyakati za Sala. Gazi Husrev-beg, mjukuu wa Sultani Bayezid wa Pili kwa upande wa binti, aliitawala Bosnia kwa niaba ya dola ya Uthmaniya hadi alipofariki mwaka 1541. Mali yake aliiweka wakfu. Kwa wakfu huo ulijengwa msikiti mwanzoni mwa miaka ya 1530, ikafuata madrasa mwaka 1537, pamoja na maktaba, jiko la kuwalisha maskini na wasafiri, na maduka ambayo kodi yake iliziendesha shughuli hizo. Atembeaye katika soko kongwe la Baščaršija bila ya kulijua jambo hili huona majengo mazuri, lakini hajui ni nani aliyemkaribisha.

Baada ya Sala ya Adhuhuri, pita uchochoro wa Kazandžiluk usikilize nyundo za wafua shaba, kisha keti unywe kahawa. Huletwa katika dele dogo la shaba, pamoja na finjani, ambayo Wabosnia huiita fildžan, na kipande cha haluwa laini ya Kituruki. Mwenyeji huchovya kipande cha sukari katika kahawa, akaking'ata, ndipo akapiga funda. Hafanyi haraka, kwani kikao na mazungumzo ndiyo makusudio yake.

Alasiri, panda mlima kupitia makaburi ya mashahidi ya Kovači. Mawe meupe yamesimama safu kwa safu, na mengi yana miaka ileile ya kufariki. Kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996 mji huu ulizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia, wakauawa watu zaidi ya 11,000, watoto wakiwa miongoni mwao. Hapo amezikwa pia Alija Izetbegović, rais wa kwanza wa Bosnia huru, aliyefariki mwaka 2003. Juu zaidi iko Ngome ya Njano. Katika Ramadhani, familia hukaa majanini hapo na mikate ya moto ya somun, wakisubiri mzinga upigwe kutangaza futari. Kutoka milima iyo hiyo inayouzunguka mji, watu walikuwa wakipigwa mabomu.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 1992 Maktaba ya Taifa ilishambuliwa kwa mabomu, ikaungua pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake. Maktaba ya Gazi Husrev-beg ilikuwa na hazina ya hati za mkono za Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, zilizokusanywa kwa karne nyingi. Mkurugenzi wake na wafanyakazi wachache walizibeba katika maboksi ya ndizi, wakivuka madaraja yaliyokuwa yakilengwa na wadunguzi, wakazihamisha mahali hadi mahali. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa usiku, Mwislamu wa Kongo aliyekuja Sarajevo kutafuta elimu ya dini. Angeweza kusema kuwa vita si vyake na vitabu si vya kwao. Hakusema hivyo. Hati zilisalimika, na mwaka 2014 maktaba ilifunguliwa katika jengo jipya karibu na msikiti, kwa msaada wa Qatar. Leo mtafiti huingia akazisoma.

Aliyeweka wakfu amekufa karibu karne tano zilizopita, nao wakfu umepita katika utawala wa kigeni, utaifishaji wa serikali ya Yugoslavia, na mizinga. Haukubaki kwa sababu ya mawe yake. Ulibaki kwa sababu kila kizazi kilipata watu waliouona kuwa ni amana yao. Na sisi tunazo nyumba, visima na misahafu iliyoachwa wakfu na wazee wetu. Mzazi akimtembeza mwanawe mbele ya nyumba ya namna hiyo, na amweleze ni ya nani, aliiacha kwa ajili ya nani, na ni nani anayeitunza leo. Ikiwa hakuna anayeitunza, basi kazi hiyo inatusubiri sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana tulizoachiwa. Amin.