Theluji ya Krismasi na siri ya nyimbo zisizochakaa

Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapobisha hodi, kuna sauti ambazo hurejea kana kwamba zilikuwa zimekwenda likizo. Katika maduka ya Nairobi, Kisumu na Mombasa, katika matatu ziendazo mashambani na katika redio za vinyozi, Jim Reeves huanza upya kuimba kwa ile sauti yake ya upole, na Boney M. hufuata nyuma yake. Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege huko Marekani tarehe 31 Julai 1964, kabla wengi wa wasomaji wa safu hii hawajazaliwa. Boney M. nao walitoa albamu yao ya Krismasi mwaka wa 1981. Ni nyimbo ngapi za enzi hizo zilizokwisha kuzikwa na kusahauliwa? Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Mbona basi katika jambo hili cha kale ndicho kinachopendwa?

Swali hili huzuka darasani mwangu takriban kila mwisho wa mwaka. Wanafunzi wangu wa isimu, vijana wenye bidii na hasira ya haki, hulalamika kwamba nyimbo hizi ni za wageni. Zasifu theluji, kengele za farasi na moto wa kuota ndani ya nyumba, ilhali kwetu Desemba ni mwezi wa jua, maembe na vumbi la barabara za mashambani. Kuziimba, wasema, ni kukubali akili zetu zitawaliwe hata baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Sina budi kukiri kwamba nami niliishikilia hoja hiyo kwa miaka mingi. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kutwa magharibi mwa Kenya, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha juu ya Krismasi nyumbani kwao. Mvulana mmoja aliandika kwamba theluji ilikuwa ikidondoka juu ya mabati ya nyumba yao. Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari na kuandika pambizoni, "Wapi hapa Kenya?" Kisha, kwa kiburi cha ujana, niliisoma sehemu hiyo mbele ya darasa. Wenzake walicheka. Yeye aliinamisha kichwa. Nilidhani nimemfundisha jambo, na nitarudi kwa mvulana huyo baadaye, kwani nimekuja kutambua kuwa asiyeelewa alikuwa mwalimu.

Hebu tuutazame wimbo ulio mama wa nyimbo hizi zote, yaani "White Christmas". Ulitungwa na Irving Berlin na kuimbwa na Bing Crosby. Santuri yake ya mwaka wa 1942 inakadiriwa kuuzwa nakala milioni 50, na Kitabu cha Rekodi cha Guinness huitaja kuwa ndiyo iliyouzwa kuliko zote duniani. Msikilizaji hudhani kwamba mtungaji alikuwa mtu wa theluji, aliyeketi dirishani akiitazama ikishuka. Kumbe sivyo. Berlin alizaliwa mwaka wa 1888 katika dola ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi ambayo haikuwa ikisherehekea Krismasi, na akafika New York akiwa mtoto mhamiaji mwaka wa 1893. Mwanawe wa kiume, mtoto mchanga ambaye hata mwezi hakuutimiza, alifariki tarehe 25 Desemba 1928. Kwa mtu huyu, siku ambayo dunia ilikuwa ikishangilia ilikuwa pia siku ya msiba.

Zaidi ya hayo, wimbo huo ulikuwa na ubeti wa utangulizi ambao leo wachache huufahamu. Katika ubeti huo, msemaji yuko Beverly Hills, jimboni California, mkesha wa Krismasi. Jua linawaka. Amezungukwa na michungwa na mitende, lakini moyo wake uko kaskazini. Crosby hakuuimba ubeti huo katika santuri yake, na waliomfuata wakamwiga. Hivyo wimbo ukabaki na theluji, ukapoteza jua. Lakini maana yake yote imo katika jua lile. Huu si wimbo wa mtu aliye na theluji. Ni wimbo wa mtu asiyekuwa nayo. Mtu wa Mombasa auimbaye chini ya mnazi, jasho likimtiririka, amesimama karibu na nafsi ya wimbo kuliko yule wa Chicago anayetazama theluji halisi kibarazani pake.

Wala si wimbo huo peke yake. "The Christmas Song", uliovumishwa na Nat King Cole mwaka wa 1946, ulitungwa na Mel Tormé na Bob Wells katika joto kali la kiangazi cha California mwaka wa 1945. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Sammy Cahn na Jule Styne walikuwa Hollywood, nao wakihangaishwa na joto, wakatunga "Let It Snow! Let It Snow! Let It Snow!". Watunzi walikuwa wakitamani kile ambacho hakikuwapo mbele ya macho yao.

Walioupokea wimbo wa Berlin kwa mikono miwili walikuwa nao watu wa mbali na kwao. Crosby aliuimba redioni kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi mwaka wa 1941, siku 18 tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Muda si muda vijana wa Kimarekani wakajikuta katika visiwa vya joto vya Pasifiki, na maombi ya kuchezewa wimbo huo yakamiminika katika redio ya majeshi. Hatimaye, mwezi wa Aprili 1975, katika joto la Saigon, redio ya Wamarekani iliupiga wimbo huohuo kama ishara ya siri kwamba wakati wa kuondoka Vietnam umewadia. Krismasi ilikuwa bado miezi minane, lakini ishara ilieleweka: ni wakati wa kurudi nyumbani.

Kama mwanaisimu, nawaomba walimu wenzangu tuutazame pia muundo wa lugha yake. Kiitikio cha wimbo huo kina maneno 54 tu, na takriban yote ni yale ambayo mtoto wa shule ya msingi huko kwao angeyafahamu. Ndani ya maneno hayo machache mna nyakati tatu. Kwanza pana wakati uliopo, wa mtu anayeota ndoto. Pili pana wakati uliopita wa mazoea, ule tunaoujenga kwa "nilikuwa niki-", ambao huonyesha jambo lililofanyika mara nyingi na sasa halifanyiki tena. Mwisho huja kitenzi cha kutakia heri, kama tunavyosema "ubarikiwe" au "usafiri salama". Hapo hata nafsi hubadilika. Wimbo huanza na mimi na kumalizika na wewe. Yule aliyekosa kitu humtakia mwenzake akipate. Hii ndiyo sarufi ya barua ya mtu aliye ugenini, na haihitaji theluji ili ieleweke.

Najua wapo watakaosema kwamba Dakta amezama katika sarufi akasahau biashara. Nyimbo hizi, watasema, hudumu kwa sababu wenye maduka na vituo vya redio hutulazimisha kuzisikiliza. Hoja hiyo ina uzito. Brenda Lee alirekodi "Rockin' Around the Christmas Tree" mwaka wa 1958 akiwa msichana wa miaka 13, na wimbo huo ukafika kileleni mwa orodha kuu ya Marekani Desemba 2023, alipokuwa bibi wa miaka 78. Wimbo wa Mariah Carey wa mwaka wa 1994, "All I Want for Christmas Is You", ulikwea kilele hicho kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Haya hayakutukia bila ya mkono wa biashara na mitambo ya kisasa ya kusikilizia muziki. Lakini biashara hurudia nyimbo nyingi, na nyingi kati ya hizo hutuchosha katika miezi mitatu. Kurudiwa hueleza kwa nini tunausikia wimbo. Hakuelezi kwa nini mtu mzima aliyekuwa akijadili bei ya unga hunyamaza ghafla unapopigwa.

Kwa maoni yangu, nguvu nyingine ya nyimbo hizi imo katika miezi kumi na mmoja ya kimya. Sisi tunalifahamu jambo hili vyema. Nyimbo za jando zina msimu wake, za harusi zina siku yake, na kasida za Maulidi zina mwezi wake. Wimbo uliofungiwa wakati wake hauchakai upesi, na kila ufunguliwapo hutoka pamoja na watu waliokuwapo ulipoimbwa hapo awali. Mimi siwezi kumsikia Jim Reeves bila kunusa chapati na bila kumwona marehemu baba yangu akiipigapiga redio ya betri ili Sauti ya Kenya isikike vyema. Nina hakika msomaji naye anao wake.

Je, hayo yanaondoa ugeni wa nyimbo hizi? La, ila yanatufunza kuupima ugeni huo kwa mizani ya haki. Chukua "Mary's Boy Child". Ulitungwa na Jester Hairston, Mmarekani mweusi ambaye babu na bibi zake walikuwa watumwa. Harry Belafonte aliurekodi mwaka wa 1956, na Boney M. wakaongoza nao nchini Uingereza katika Krismasi ya mwaka wa 1978. Waimbaji wa Boney M. walikuwa watu wenye asili ya visiwa vya Karibiani, visivyo na theluji. Sasa tazama maajabu: Belafonte huyohuyo, pamoja na Miriam Makeba, alirekodi "Malaika" mwaka wa 1965, na Boney M. haohao wakaurekodi kwa Kiswahili mwaka wa 1981. Wimbo huo, ambao Fadhili William wa hapa Kenya alikuwa ameurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni kilio cha mtu ampendaye msichana lakini hana mali ya kumwoa. Wengi wa walioupenda huko Ulaya na Marekani hawakujua mahari ni nini. Hata hivyo, walimtambua mtu aliyekosa. Kama hatuwalaumu kwa kuimba ufukara wasioujua, kwa nini tujilaumu sisi kwa kuimba theluji?

Nalisema hili bila kuwanyima vijana haki yao. Hatari ipo, nayo ni kudhani kwamba theluji ndiyo siri ya wimbo, tukaiga theluji badala ya kuiga ukweli. Irving Berlin hakuazima hamu ya mtu mwingine. Alitazama alichokosa yeye na wenziwe, akakisema kwa maneno machache. Nyimbo zetu za Desemba zina mengi ya kusema kwa namna hiyo. Kuna nauli iliyopandishwa maradufu wakati mshahara haujaingia. Kuna mama anayelea watoto wa wenyewe mjini Riyadh au Doha, akiwaona wake kwenye kioo cha simu. Kuna nyanya aliyepika chapati za watu kumi wakaja wanne. Kiswahili kina maneno ya kuyabeba hayo yote. Kinachohitajika ni walimu watakaowapa vijana nafasi ya kuyasema.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, muhula wa tatu ukimalizika msiwaambie wanafunzi waeleze tu walichokula na walichovaa. Waulizeni ni nani ambaye hakuwapo. Wasikilizisheni wimbo mmoja wa kale, muuchambue wakati na nafsi yake, kisha watunge wao. Nanyi wanafunzi, msiwacheke wazee wenu wanapoinua sauti ya redio. Waulizeni wanamkumbuka nani.

Sasa narudi kwa yule mvulana. Jioni ya siku ile, nikiwa nimekwisha kutoa alama saba kwa ishirini, niliisoma insha yake hadi mwisho, jambo ambalo sikulifanya nilipoichekea. Katika aya ya mwisho aliandika kwamba yeye na dadake walikaa kando ya barabara tangu saa nane, na kwamba basi la mwisho kutoka Nairobi lilipita bila kusimama. Kisha walirudi nyumbani, wakawasha redio, na theluji ikaanza kudondoka. Kumbe mtoto yule hakuwa akidanganya kuhusu hali ya hewa ya kwao. Alikuwa ameuelewa wimbo wa redioni kuliko mimi niliyekuwa nikiufasiri, naye hakuwa na neno jingine la kuelezea nyumba ambayo mama hakurudi.

Nilibadilisha alama zile, lakini kicheko cha darasa sikuweza kukifuta. Mazoezi yangu yalikwisha wiki iliyofuata, na sijamwona tena. Huenda leo naye ni baba, na huenda Desemba hii naye anatafuta nafasi katika basi. Popote alipo, namtakia afike salama.