Kumtunza Mzee Mwenye Mpira wa Mkojo Nyumbani

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunawatembelea wazee walioruhusiwa kutoka hospitali wakiwa na mpira wa mkojo, mara nyingi kwa sababu ya tezi dume au kiharusi. Familia hubaki na maswali mengi. Tukumbushane mambo ya msingi.

Mpira huo hupita katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Humo ndani una puto dogo lililojazwa maji, ndilo linaloushikilia usitoke. Kwa hiyo usivutwe kamwe, maana utamjeruhi mzee. Ubandikwe pajani kwa plasta, ukiwa umelegea kidogo, ili akijigeuza usimvute.

Adui mkubwa ni vijidudu. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko. Kila siku mzee aoshwe sehemu za siri kwa maji na sabuni, na mpira ufutwe kuanzia mwilini kwenda nje. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ndani, lakini usiguse sakafu. Umwagwe kabla haujajaa. Tarehe ya kubadilisha mpira iandikwe mahali inapoonekana. Kuubadilisha ni kazi ya mhudumu wa afya.

Jambo gumu zaidi ni aibu. Wapo wazee wanaopunguza kunywa maji ili mfuko usijae upesi. Hapo mkojo huwa mzito, na hatari ya kuziba kwa mpira na ya maambukizi huongezeka. Kama daktari hajamzuia kwa sababu ya moyo au figo, anywe maji mara kwa mara. Wengine huacha kuja kanisani, ilhali mfuko waweza kufungwa mguuni chini ya suruali au kitenge. Tumwulize pia angependa nani amwoshe. Baba anaweza kuona uchungu kuoshwa na binti yake au mkwewe, asiseme. Nasi wageni tutoke nje anapohudumiwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anatufundisha kumheshimu mzazi hata akili zake zinapopungua. Heshima hiyo huonekana katika mambo madogo kama haya.

Mkojo ukiacha kutoka, tazameni kwanza kama mpira umejikunja au mzee ameulalia. Ukiendelea kutotoka, na tumbo la chini likajaa na kuuma, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja kesho. Fanyeni vivyo hivyo akipata homa na kutetemeka, akitoa damu nyingi au mabonge ya damu, au mpira ukichomoka. Na mzee akianza ghafla kuweweseka, tusiseme ni uzee tu, wala tusimtafute mchawi. Huenda ni maambukizi, nayo yana dawa akiwahishwa.