Gome Linalochelewesha Uchachu

Tembo likigemwa alfajiri huwa tamu. Hamira za asili hugeuza sukari yake kuwa kileo kwa saa chache, kisha bakteria hukigeuza kileo kuwa siki, na kesho yake mnywaji anakunja uso. Kusini mwa Nigeria, wagema wa michikichi hutia tembo gome la mti uitwao Saccoglottis gabonensis. Tembo hupata uchungu kidogo na rangi ya kahawia, na uchachu huchelewa. Huu si ushirikina: mwaka 1972 watafiti Faparusi na Bassir walichapisha uchunguzi wa athari za gome hilo kwa vijidudu vya tembo. Nguvu yake ni kudhoofisha bakteria bila kuzima hamira.

Wapo wasemao tembo lipashwe moto na kufungwa chupani, yaishe. Kweli, hukaa miezi. Lakini moto huua hamira pia, povu likapotea, na mgema mdogo hana chupa wala kuni za kutosha. Hoja nzito zaidi dhidi ya gome ni kipimo, maana kila mgema hukadiria kwa mkono, na uhai wa mti, maana mti unaobanduliwa gome pande zote hufa. Basi gome lipimwe maabarani, libanduliwe upande mmoja tu, na miche ipandwe.