Bibi Anaposahau Njia ya Nyumbani

Katika vijiji vyetu vya Kivu jambo hili si geni. Bibi mzee aondoka alfajiri kwenda shamba alilolilima miaka mingi, na jua likizama hajui tena njia ya kurudi. Kesho yake amwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa. Usiku aamka, azunguka uani akisema peke yake. Ndipo majirani waanza kunong'ona, na neno wanalonong'ona ni uchawi. Wako akina mama waliofukuzwa, wakapigwa, hata wakauawa kwa neno hilo, kumbe walikuwa wagonjwa wa ubongo.

Ugonjwa wenyewe wajulikana. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza waganga wenzake mambo aliyoyaona katika ubongo wa mama mmoja aliyekufa baada ya kupotewa na kumbukumbu: mabonge madogo kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Tangu siku zile ugonjwa huo mara nyingi huitwa kwa jina lake. Wala uzee peke yake haumfikishi mtu hapo, maana wako wazee wa miaka 90 wenye akili timamu.

Waliotusaidia sana kuifahamu habari hiyo ni masista. Huko Marekani, mwaka 1986, mtaalamu David Snowdon alibisha hodi kwa Masista wa Shule wa Notre Dame, mjini Mankato katika jimbo la Minnesota. Baadaye masista 678 wa shirika hilo, wote wenye miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa kumbukumbu mara kwa mara, tena wakatoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Kwa kuwa waliishi maisha ya namna moja, wengi wao wakiwa walimu, ilikuwa rahisi zaidi kuona ni nini kilichowatofautisha.

Mmoja wao, ambaye wataalamu humtaja kama Sista Mary, alianza kufundisha akiwa na miaka 19, na yeye mwenyewe hajapita darasa la nane. Wakati wa likizo alirudi kuwa mwanafunzi, akapata cheti cha sekondari akiwa na miaka 41. Alifundisha mpaka miaka 77, kisha saa chache chache mpaka 84. Akafa na miaka 101, naye alikuwa bado akijibu vema maswali ya wachunguzi. Ubongo wake ulipofunguliwa walistaajabu: mabonge na nyuzi tele! Ugonjwa ulikuwa umeingia nyumbani, lakini mwenye nyumba hakutoka. Wataalamu husema kwamba ubongo uliozoezwa tangu utoto huwa na akiba ya njia. Moja ikiziba, fikira zapita kwingine.

Tena masista wale, walipokuwa vijana wa miaka 22 hivi, waliandika kwa ufupi habari za maisha yao kabla ya kuweka nadhiri. Karatasi zikatunzwa. Zaidi ya miaka 50 baadaye zilisomwa, ikaonekana kwamba walioandika sentensi zenye mawazo mengi hawakushikwa sana na ugonjwa huo. Mimi mwalimu ningependa kuwaambia wanafunzi kwamba insha ni dawa, lakini nisiseme uongo: huenda kalamu nzito ilikuwa dalili ya mapema, si sababu.

Jambo jingine liko mikononi mwetu. Kati ya masista waliokuwa na mabonge hayo, wale ambao mishipa midogo ya damu ubongoni ilikuwa imeziba ndio waliopotewa na akili mara nyingi zaidi. Basi tuilinde mishipa. Nguvu ya damu, ambayo wengi huiita tansyo, ikizidi haiumi. Mtu wa miaka 45 ajiona mzima, na huku mishipa yaharibika. Aende kituo cha afya apimwe, na akipewa dawa asiiache kwa sababu ajisikia vizuri. Apunguze chumvi katika sombe, aache tumbako na kanyanga, aangalie ugonjwa wa sukari. Kuhusu kutembea, mama anayebeba kuni hahitaji shauri langu. Lakini bwana wa ofisi apandaye pikipiki kwenda sokoni, hapo karibu tu, na asikie.

Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitaja mambo 14 ya namna hiyo, na uziwi ukiwamo; wakakadiria kwamba wagonjwa 45 katika 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa. Mzee asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo, na ubongo wake wakaa bure. Mketi karibu naye, mseme polepole mkimtazama usoni. Mtoto wa shule na ashike daftari, amwulize bibi majina ya ukoo na hadithi za zamani, aandike.

Na bibi aliyekwisha kuanza kupotea apelekwe kwa mganga wa hospitali, kwani homa, huzuni kubwa au dawa fulani huweza kumchanganya mzee, na hayo yatibika. Akikosea jina, msibishane naye. Usiku mjukuu mmoja alale karibu na mlango.