Kahawa tungu na mwenziwe

Wahispania huunywa mvinyo mwekundu wa Rioja pamoja na nyama ya kondoo, kwa kuwa nyama na mafuta yake hupunguza ukakasi wa mvinyo. Kwetu ni haramu, lakini hesabu iyo hiyo ya ladha naiona Majengo ya Pumwani, baada ya Isha, kwa muuza kahawa. Ajabu ni kuwa neno *qahwa* lenyewe, Waarabu wa kale waliliitia mvinyo kabla ya kuliitia kahawa.

Kahawa huchemshwa na tangawizi na iliki, ikakaa moto kwenye dele juu ya makaa. Onja kwanza tupu, uujue uchungu wake. Kisha mega haluwa kidogo, iyeyuke ulimini, upige funda jengine. Utamu na uchungu hupunguzana makali, ndipo iliki inapojitokeza. Tende yafaa pia. Mimi kashata ya nazi naipenda zaidi, mafuta yake hulainisha ulimi. Mahamri ni ya chai ya maziwa, na hapo sibishani na mtu.

Juzi nilikuta kopo la sukari kando ya dele. "Ni la vijana," akaniambia mzee. Nikamuuliza haluwa itafanya kazi gani sasa. Akacheka, akanijazia kikombe.