Minara Yetu na Radi
Radi si lazima iupige mnara ndipo vifaa viungue. Ikipiga jirani, umeme hupenya kwenye nyaya hadi kompyuta ya ofisini. Hata upepo mkavu wenye vumbi wa Handeni huijaza antena chaji kidogo kidogo.

Fundi ashushe waya mnene wa shaba, usio na kona kali, hadi nondo ya ethi, kisha aiunganishe na ethi ya jengo. Hapa wengi hukosea: ethi mbili zikiachana, umeme huvuka kupitia vifaa. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo Handeni nondo izame zaidi kuliko bondeni Korogwe, kando ya Mto Pangani. Wafadhili wakiomba bajeti, kizuia radi kiwemo. Kazi iishe kabla ya masika ya Machi.